Kiwavijeshi vamizi Rumonge: jua anachokipenda kabla ya kununua dawa

Ni wachache Rumonge wanaolima zao moja tu. Kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac, kati ya ziwa na vilima, mtu huyohuyo ana michikichi, muhogo, migomba, maharage, mahindi na, penye maji ya kutosha, mpunga. Majani yakianza kutobolewa, wengi wetu hukimbilia kuuliza dawa gani inafaa. Mwongozo huu unakuomba utangulize swali jingine: aliyetoboa ni nani, na vinasaba vyake vinamvuta kwenye mmea upi? Ukishalijibu hilo, utajua ni shamba lipi ulikague kila wiki, lipi uliache litulie, na faranga zako uzitumie wapi.

Tunayemzungumzia ni kiwavijeshi vamizi, ambaye wataalamu humwita Spodoptera frugiperda. Asili yake ni Amerika. Barani Afrika aliripotiwa kwanza upande wa magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikwisha kuthibitishwa Burundi. Mwaka 2018 alionekana India, 2019 China, na 2020 Australia. Nondo wake huruka usiku na, upepo ukimsaidia, huweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Mwambao wa ziwa Tanganyika unampa kitu ambacho vilima vya juu vya Burundi havimpi: joto la mwaka mzima. Mdudu huyu hajui kulala akingoja msimu mbaya upite. Penye joto kama la Imbo, uwanda huu wa kando ya ziwa, humaliza safari yake kutoka yai hadi nondo kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na kwenye baridi ya milimani huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo Rumonge, maadamu kuna mahindi mabichi mahali fulani, kizazi kimoja hukipokea kingine.

Kwanza, hakikisha ni yeye

Usitibu kabla ya kumjua. Nenda shambani asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, fungua moyo wa mhindi kwa vidole na utazame.

1. Kichwani ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa.
2. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Alama hii ndiyo ya kuaminika zaidi.
3. Moyo wa mmea umejaa kinyesi, ambacho kikikauka hufanana na unga wa mbao.
4. Mayai hutagwa kwa vifungu vya 100 hadi 200, aghalabu upande wa chini wa jani, na hufunikwa kwa manyoya ya rangi ya kijivu. Nondo jike mmoja huweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 katika maisha yake.
5. Viwavi wachanga hukwangua jani upande mmoja na kubakiza ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Wakikua hutoboa matundu makubwa yenye kingo zilizoraruka.

Usimchanganye na bungua wa mabua. Yule huacha vitundu vidogo vya mviringo vilivyojipanga mstari kwenye jani, kisha huingia ndani ya bua. Ukilipasua utamkuta humo. Wala usimchanganye na kiwavijeshi wa Afrika tuliyemjua tangu zamani. Huyo hutembea kwa makundi makubwa, hula majani waziwazi na kuhamia shamba jingine, ilhali huyu mvamizi hujificha ndani ya moyo wa mmea. Tena viwavi wakubwa wa mvamizi hulana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana mmea mmoja mara nyingi hubakiwa na kiwavi mkubwa mmoja tu.

Sura moja, koo mbili

Huko Amerika, mwaka 1986, mtafiti Dorothy Pashley alionyesha jambo ambalo macho hayawezi kuliona: viwavi hawa, ingawa wanafanana kabisa, wana koo mbili zinazotofautiana kwa vinasaba. Ukoo wa kwanza hupatikana zaidi kwenye mahindi, mtama na pamba. Wa pili hupatikana zaidi kwenye mpunga na nyasi za malisho, ukoka ukiwa mmojawapo. Hata tabia zao za usiku zinatofautiana: nondo wa ukoo wa mahindi hupandana mapema usiku, na wale wa ukoo wa mpunga hungoja usiku uende sana. Hata hivyo, koo hizi hazijatengana moja kwa moja. Nondo wa ukoo huu akikutana na wa ukoo ule, huzaana.

Mdudu alipoingia Afrika, watafiti akiwemo Rod Nagoshi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, pamoja na wenzao wa Afrika, walitaka kujua ni ukoo upi uliovuka bahari. Walitumia alama mbili za vinasaba. Ya kwanza hurithiwa kwa mama peke yake. Ya pili imo kwenye kromosomu ya jinsia, na baba naye huirithisha. Kwa ile alama ya mama, viwavi wengi waliokusanywa kwenye mahindi ya Afrika walionekana kuwa wa ukoo wa mpunga. Kwa alama ya pili, karibu wote walikuwa wa ukoo wa mahindi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba wengi wa walio kwetu ni uzao wa koo hizo mbili zilizochanganyika. Wamebaki na alama ya bibi yao wa ukoo wa mpunga, lakini hamu yao ya chakula ni ya mahindi.

Kwako wewe mkulima wa Rumonge, utafiti huo una mambo matatu ya kushika.

La kwanza, mahindi ndiyo shabaha. Weka ulinzi huko.

La pili, ukisikia kwamba maabara imepata "ukoo wa mpunga" Afrika, usiharakishe kupulizia mpunga. Uliza kwanza ni alama ngapi zilizopimwa. Alama moja inayotoka kwa mama haitoshi kukuambia mdudu anakula nini.

La tatu, wadudu wanaochanganya damu hawabaki walivyo milele, na nondo wapya huweza kuletwa na upepo au na mizigo ya biashara. Kwa hiyo mpunga usiupulizie, lakini usiusahau. Upitie na kuutazama.

Zao kwa zao: wapi ukague, wapi uache

Mahindi. Kagua mara mbili kwa wiki tangu mche ukiwa na majani matatu hadi utoe mbelewele. Haijalishi mahindi yamesimama peke yake, yamechanganywa na maharage, au yamepandwa kati ya michikichi michanga. Hata mistari michache nyuma ya nyumba inatosha kulea kizazi kizima kitakachohamia kwa jirani.

Mtama. Huu ndio wa pili kwa hatari. Ukague kama mahindi, hasa ukiwa jirani na shamba la mahindi lililokwisha kukomaa.

Mpunga. Mara moja kwa wiki pita kwenye tuta na utazame, hasa upande unaopakana na mahindi. Ukikuta kiwavi mkubwa mmojammoja pembezoni, huenda ametoka kwenye mahindi kwa miguu yake. Ukikuta vifungu vya mayai na viwavi wadogo katikati ya mpunga, hiyo ni habari nyingine: nondo amechagua kutaga hapo. Chukua sampuli kama nitakavyoeleza mbele, na umwite agronomu wa komine. Kwanza hakikisha si yule kiwavijeshi wa Afrika, maana yeye mpunga ni chakula chake cha siku zote.

Muhogo, michikichi na migomba. Usitumie hata faranga moja kuipulizia kwa ajili ya mdudu huyu. Muhogo una adui zake, nzi weupe wakiwa mbele, na michikichi ina wake, lakini kiwavijeshi vamizi hayumo katika wale wa kukunyima usingizi. Wakati mwingine, nondo wakiwa wengi kupita kiasi, hutaga popote: kwenye majani ya mazao wasiyoyala, kwenye nguzo, hata ukutani karibu na taa. Yai kuonekana kwenye jani la muhogo si ushahidi kwamba muhogo unaliwa. Lisugue kwa kidole na uendelee na kazi.

Bustani. Orodha ya mimea ambayo mdudu huyu amewahi kukutwa akiila inapita 350, na humo kuna kabichi, nyanya na karanga. Lakini kukutwa kwenye mmea si kuupenda. Bustani hushambuliwa zaidi mahindi yanapokauka ghafla na viwavi wakabaki na njaa. Kwa hiyo ikague katika wiki mbili zinazofuata mavuno ya mahindi ya jirani.

Namna ya kukagua shamba la mahindi

Usisimame pembeni ukakadiria kwa macho. Mimea ya pembezoni mara nyingi hudanganya.

1. Ingia shambani hatua kadhaa, kisha tembea kwa kufuata umbo la herufi W.
2. Simama mahali patano. Kila mahali chunguza mimea 20 mfululizo, ipate kutimia 100. Shamba likiwa dogo, mimea 10 kila mahali inatosha.
3. Hesabu mimea yenye dalili mpya: majani yaliyokwanguliwa karibuni, kinyesi kibichi, au kiwavi mwenyewe. Matundu ya zamani kwenye majani ya chini usiyahesabu, kwa sababu aliyeyatoboa huenda amekwisha kuingia udongoni.
4. Piga hesabu ya asilimia na uiandike pamoja na tarehe.

Sasa linganisha. Mahindi yakiwa machanga, mpaka wiki ya tatu au ya nne hivi, hatua kali huanza kufikiriwa mimea 20 kati ya 100 ikiwa na dalili mpya. Yakiwa makubwa, kabla ya mbelewele, ngoja mpaka ifike 40 kati ya 100. Mbelewele ikishatoka, dawa haimfikii kiwavi aliyejificha ndani ya gunzi, na wewe unapita katikati ya mimea iliyokuzidi kimo ukijinyunyizia mwenyewe. Hapo mkono ndiyo dawa.

Usiogopeshwe na sura ya majani. Mahindi yana nguvu ya kujirudishia majani, mradi moyo wa mmea haujafa na chakula udongoni kipo. Utafiti uliofanywa Zimbabwe kwenye mashamba ya wakulima wadogo na kuchapishwa mwaka 2019 ulikadiria hasara ya mavuno kuwa karibu 12 kwa 100. Wakulima walioulizwa Ghana na Zambia mwaka 2017 walikuwa wamekisia 40 au zaidi. Shamba lililopaliliwa na kuwekewa samadi hustahimili madhara ambayo shamba lenye njaa haliyastahimili.

Hatua za kuchukua, kwa mpangilio

Panda pamoja na majirani. Msimu A, mvua zinaposhika mwezi wa kumi, kubalianeni wiki ya kupanda. Mashamba yanayopandwa kwa kupishana wiki mbilimbili humpa nondo mahindi machanga bila kukoma, na anayepanda mwisho ndiye hupokea viwavi wa wote. Wanaolima mahindi kiangazi kando ya mito wana wajibu zaidi, kwa kuwa mahindi yao ndiyo daraja analopitia mdudu kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Hao wasikose kukagua hata wiki moja.

Changanya mazao. Utafiti uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba mahindi yaliyochanganywa na maharage au jamii nyingine ya kunde hushambuliwa kidogo kuliko mahindi matupu, hasa mwanzoni mwa ukuaji. Rumonge desturi hiyo ipo, usiiache. Mwenye mbuzi au ng'ombe anaweza kwenda mbele zaidi: kupanda desmodiamu kati ya mistari na majani ya brakiaria kuzunguka shamba. Kituo cha icipe cha Nairobi kilipima mfumo huo Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha viwavi kwa mmea wakipungua kwa zaidi ya 80 kwa 100. Majani yote mawili ni chakula cha mifugo.

Ponda mayai. Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote kwa shamba la mkulima mdogo. Mayai huanguliwa kwa siku mbili au tatu, kwa hiyo ukipita mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza baada ya mahindi kuota utayakuta mengi kabla hayajaanguliwa. Kifungu kimoja ukikisugua, umeondoa viwavi zaidi ya 100 kwa kidole kimoja. Wapeleke vijana wa nyumbani na uwaonyeshe upande wa chini wa jani.

Ua viwavi wakiwa wadogo. Sehemu kubwa ya chakula chote anachokula kiwavi hukila katika siku zake za mwisho kabla ya kuwa pupa. Aliye chini ya sentimita moja na nusu bado hajakutia hasara kubwa. Mtoe, mponde. Kwa walioingia ndani, wakulima wengi hutia majivu, mchanga laini au udongo mkavu kwenye moyo wa mmea. Kiasi cha vidole vitatu kinatosha; ukizidisha, utauziba mmea.

Walinde wanaokusaidia. Siafu na sisimizi, nyigu, buibui na ndege hula viwavi kila siku. Wako pia nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai ya mdudu au ndani ya mwili wa kiwavi. Baadhi yao wamegunduliwa hapahapa Afrika Mashariki wakiwa wamekwisha kumzoea mgeni huyu. Shirika la FAO linataja wakulima wanaomwagia mimea maji ya samaki au mafuta kidogo ili kuwavuta sisimizi. Mwambaoni hapa maji yaliyooshewa ndagala hayana bei. Jaribu mistari michache, linganisha na iliyobaki, kisha uamue.

Dawa ikilazimu

Siku hizi vinasaba havikuambii tu mdudu anapenda nini. Vinakuambia pia amewahi kupigwa na nini. Viwavi waliovuka kutoka Amerika hawakuja na hamu ya mahindi peke yake. Watafiti wamewakuta baadhi yao Afrika na Asia wakiwa na mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kustahimili dawa za zamani ambazo huko walikotoka zimetumika miaka mingi. Ndiyo sababu unaweza kupulizia kwa kipimo sahihi, na kiwavi kesho yake akaendelea kula. Kuongeza kipimo hakutibu hilo. Unaua wale dhaifu, wanaobaki ni wenye kinga, na hao ndio watakaozaana.

Kwa hiyo:

- Pulizia pale tu hesabu ya shamba imevuka kiwango kilichotajwa juu, na viwavi wakiwa bado wadogo.
- Muulize agronomu dawa iliyosajiliwa Burundi kwa mdudu huyu. Usinunue chupa isiyo na kibandiko, wala dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda.
- Mwarobaini ukipatikana, dawa yake hufanya kazi vizuri kwa viwavi wachanga na haidhuru sana nyigu na nyuki.
- Usirudie dawa ya aina moja kizazi baada ya kizazi. Badilisha aina, siyo jina la chupa tu: chupa mbili za rangi tofauti zaweza kuwa na sumu ileile.
- Elekeza bomba ndani ya moyo wa mmea, jioni, wakati viwavi wanapotoka kula na nyuki wamekwisha kurudi.
- Vaa nguo za mikono mirefu, buti, glavu na kitambaa puani. Mtoto asishike bomba.

Na ziwa. Dawa nyingi za viwavi, hasa za jamii ya pairethroidi, ni sumu kali kwa samaki. Mito yetu, Dama na Murembwe, hupita mashambani na kumwagika Tanganyika, nalo ni ziwa lenye njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa sana. Usioshee bomba mtoni wala ufukweni, usipulizie kando ya mfereji, wala usipulizie mawingu ya mvua yakiwa yamekusanyika. Ndagala na mukeke ni chakula cha nyumba zilezile zinazolima mahindi.

Ukikuta jambo geni, chukua sampuli

Maabara haiwezi kujua koo za wadudu wa Rumonge bila wadudu wa Rumonge. Ukimkuta kiwavi huyu anazaliana kwenye mpunga, au dawa nzuri iliyotumika vizuri imeshindwa, fanya hivi:

1. Okota viwavi wadogo 10 hivi, kila mmoja kutoka mmea tofauti. Wakitoka kifungu kimoja cha mayai ni ndugu wa tumbo moja, na watakuambia habari ya mama mmoja tu.
2. Watie kwenye kichupa cha alkoholi kali, ya asilimia 95 ikiwezekana. Kesho yake mwaga na utie mpya, kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu.
3. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na ukitumbukize humohumo. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi.
4. Kwenye karatasi hiyo taja mahali, tarehe, zao, na zao lililo jirani. Eleza pia kama uliona mayai kwenye zao hilohilo. Bila habari za mmea, vinasaba hubaki nusu ya maelezo.
5. Mkabidhi agronomu wa komine, umwombe aifikishe ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi.

Anza wiki hii

Kama mahindi yako yana majani matatu au zaidi, kesho asubuhi pita shambani kwa umbo la W, uhesabu, uandike. Kama bado hujapanda, zungumza na majirani wanaopakana nawe mpatane siku. Fungueni daftari moja la kikundi: tarehe, zao, mimea iliyochunguzwa, yenye dalili, hatua iliyochukuliwa. Misimu miwili ya daftari kama hilo itamwonyesha agronomu wenu ni lini nondo hufika, hutua upande gani wa bonde, na kama ameanza kuuonja mpunga. Mdudu huyu atazidi kubadilika kadiri anavyozaana. Mkulima anayehesabu na kuandika atayaona mabadiliko hayo mapema, akiwa bado na nafasi ya kuchagua la kufanya.